Akaunti ikifutwa, maandishi huenda wapi?

MAJI yakimwagika hayazoleki. Ndivyo yalivyo pia maneno yaliyokwisha kutumwa mtandaoni. Watu wengi hufunga akaunti zao wakiamini kwamba kila walichowahi kuandika kimetoweka, lakini ukweli hutegemea mtandao wenyewe, kanuni zake na idadi ya watu waliokwisha kupokea maandishi hayo.

Jambo la kwanza ni kutofautisha vitendo vitatu ambavyo huchanganywa mara kwa mara. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti chochote. Akaunti hubaki ilivyokuwa, na wengine huendelea kuiona. Kuzima akaunti kwa muda huificha tu, na mwenyewe akiirejea huikuta na picha na maandishi yake yote. Ni kufuta kabisa peke yake ambako humlazimu mwenye mtandao aanze kuyaondoa yaliyohifadhiwa.

Hata hivyo, kufuta kabisa si tendo la mara moja. Facebook humpa mteja siku 30 za kubadili nia. Muda huo ulikuwa siku 14 hadi mwaka wa 2018, ulipoongezwa. Baada ya hapo, kampuni hiyo husema kwamba yaweza kuchukua hadi siku 90 kuondoa kila kitu katika mitambo yake. Sababu ni kwamba data huhifadhiwa kwa nakala nyingi za akiba, ili mtambo mmoja ukiharibika habari zisipotee. Mtandao wa X, uliojulikana kama Twitter hadi mwaka wa 2023, nao hungoja siku 30 kabla ya kuifuta akaunti iliyozimwa.

YALIYOTUMIWA WENGINE

Ujumbe uliotumiwa mtu mwingine huwa una wenyewe wawili. Anayefuta akaunti yake ya Facebook huondoka na picha alizoweka kwenye ukurasa wake, ila barua alizowaandikia rafiki zake husalia katika visanduku vyao. WhatsApp nayo humwondoa aliyefuta akaunti katika vikundi vyote, lakini aliyoyaandika katika kikundi cha chama au cha jamaa hubaki kwenye simu za wanachama wengine. Anayetaka kukwepa ushahidi wa deni au wa matusi kwa kufunga akaunti, basi, hajakwepa chochote.

Ipo mitandao ambayo huyatenga maandishi na mwandishi wake. Katika Reddit, akaunti ikifutwa jina huondolewa, lakini hoja na majibu yote husalia mahali pake. Hapa ndipo wengi hujuta: mtu akishafuta akaunti hawezi tena kuingia ili ayaondoe maandishi hayo moja baada ya jingine. Ikiwa alitaja mtaa, kazi au ugonjwa wake, anayemfahamu aweza kumtambua hata bila jina.

Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka wa 2003, haifuti akaunti hata kidogo. Kila anayehariri makala huwa amekubali mchango wake utumiwe na wote mradi watajwe waliouandika. Kwa hivyo kumbukumbu za nani aliandika nini lazima zihifadhiwe. Anayetaka kujitenga aweza tu kuomba jina lake la mtumiaji libadilishwe.

Aidha, kuna nakala zisizo mikononi mwa mtandao wala mteja. Internet Archive, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka wa 1996, huhifadhi kurasa za tovuti kama zilivyokuwa siku fulani. Mtu yeyote pia aweza kupiga picha ya skrini na kuisambaza. Nakala kama hizo hazifutiki eti kwa kuwa akaunti ya awali imefutwa.

SHERIA YASEMAJE?

Barani Ulaya, mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua Mei 13, 2014 kwamba raia aweza kuitaka Google iondoe viungo vya habari zake zilizopitwa na wakati. Haki ya kufutiwa data iliwekwa katika kanuni za umoja huo zilizoanza kutekelezwa Mei 25, 2018.

Nchini Kenya, Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huifafanua zaidi haki hiyo. Sehemu ya 40 humruhusu mtu kudai data yake ifutwe endapo haihitajiki tena, imepita kiasi au ilipatikana kinyume cha sheria. Sheria hiyo huyahusu hata mashirika ya nje yanayoshughulikia data ya watu walioko Kenya. Asiyeridhika aweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, ambaye anapaswa kukamilisha uchunguzi katika siku 90.

Haki hiyo ina mipaka. Data inayohitajika kama ushahidi haifutwi, bali matumizi yake huzuiliwa. Uandishi wa habari wenye manufaa kwa umma nao hupewa nafasi yake.

Kutokana na hayo, utaratibu ndio muhimu. Kwanza, mwenye akaunti apakue nakala ya picha na maandishi anayotaka kuhifadhi, kwa kuwa muda wa kungoja ukiisha hayapatikani tena. Pili, ayafute maandishi yenye kumdhuru mojamoja, akiwa bado ana uwezo wa kuingia. Tatu, awaombe wenzake waondoe picha alizotumwa nazo. Kuifuta akaunti yenyewe kuwe hatua ya mwisho. Akianza nayo, atakuwa ameufunga mlango na kuuacha ufunguo ndani.