Homoni ya ukuaji: ni dawa ya nani?

Homoni ya ukuaji hutoka katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mtoto akiikosa, hurefuka polepole kuliko wenzake. Kuanzia miaka ya 1950, madaktari waliitoa katika tezi za watu waliokufa. Mwaka 1985 Marekani iliisimamisha, kwa kuwa baadhi ya waliodungwa walikufa kwa ugonjwa wa ubongo. Mwaka huohuo iliruhusu homoni inayotengenezwa kwa bakteria waliotiwa jeni ya binadamu.

Mtoto hudungwa chini ya ngozi, mara nyingi kila siku, kwa miaka mingi, mpaka mifupa ikome kurefuka. Mtu mzima haongezeki kimo. Akiwa kweli ameikosa, humsaidia misuli na mifupa. Lakini yaweza kuleta maumivu ya viungo na kupandisha sukari ya damu.

Wazazi wapendwa, kwetu watoto wengi wamedumaa kwa kukosa chakula bora na kwa magonjwa ya mara kwa mara. Sindano hii haiponyi njaa. Tuwapeleke kwanza kituo cha afya wapimwe kimo na uzito. Wala tusimwite mtoto mfupi mchawi: naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu.