Hali ya Tatu Niliyoisahau

Leo nina kisa kidogo, halafu historia.

Miaka michache iliyopita niliandika programu ya duka moja la mtandaoni. Malipo kwa simu yalikuwa na hali tatu: yamefaulu, yamekataliwa, yanasubiri. Mimi nikaandika: kama hayajakataliwa, toa mzigo. Hali ya tatu nikaisahau. Bidhaa zikatoka, pesa nyingine hazikuingia kamwe, na mwenye duka akaniita. Kompyuta ilikuwa imenyamaza tu.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwepo kabla sijazaliwa.

Mwaka 1980, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, Rod Burstall, David MacQueen na Don Sannella waliieleza lugha yao iitwayo Hope. Humo unatangaza aina ya data kwa kuorodhesha sura zake zote: ni hii, AU ile, AU ile nyingine. Kisha unaandika la kufanya kwa kila sura. Hizo ndizo aina za data za kialjebra, na huko kuchagua kwa sura ndiko kulinganisha ruwaza.

Kwa nini aljebra? Chukua aina yenye thamani 3 na nyingine yenye 2. Ukitaka zote mbili pamoja, uwezekano ni 3 × 2 = 6. Ukitaka moja au nyingine, ni 3 + 2 = 5. Basi!

Hapo hapo Edinburgh, miaka ya 1970, Robin Milner na wenzake walikuwa wameunda ML, lugha ya kusaidia kompyuta kuthibitisha nadharia. Mawazo hayo yalikutana katika Standard ML, ambayo maelezo yake rasmi yalichapishwa 1990. Yanaitaka kompaila ikuonye ukiruka sura yoyote.

Sisi wa lugha za kazini tulingoja. Rust 1.0 ilitoka 2015. Yenyewe haionyi, inakataa. Python 3.10 ilileta ulinganishaji 2021, ila haikagui kama umezimaliza sura zote. Java ikaukamilisha katika toleo la 21, mwaka 2023. Miaka 43 baada ya Hope!

Juzi niliiandika upya ile hesabu ya malipo kwa Rust, nikaiacha "yanasubiri" makusudi. Kompaila ikagoma, ikaitaja kwa jina. Nikacheka peke yangu, kisha nikakumbuka bei ya ule mzigo.