Arobaini ya Meli: Historia Fupi ya Karantini Baharini

Utangulizi

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini kijarida cha idara ya Kiswahili, tena katika nchi isiyo na pwani kama Uganda, kinazungumzia meli za watalii. Jibu letu ni fupi. Mwaka 2020 sote tulijifunza, au tulifufua, msamiati ambao hapo awali haukutumika sana: karantini, barakoa, kutokaribiana, na jina la ugonjwa wenyewe, ambao Watanzania waliuita UVIKO-19 huku wengi wetu tukisema Korona. Baadhi ya maneno hayo ni ya zamani. Barakoa, kwa mfano, ilijulikana pwani kama vazi la kufunika uso wa mwanamke kabla haijawa kinga ya virusi. Neno karantini nalo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita juu ya maji.

Makala haya yanafuatilia safari ya neno hilo kutoka bandari za Ulaya katika karne ya 14 hadi meli ya Diamond Princess iliyozuiliwa Yokohama, Japani, mwezi Februari 2020. Katika safari hiyo tunauliza swali moja tu: karantini humlinda nani?

Chimbuko la neno

Kiswahili kimelipata neno karantini kupitia Kiingereza, lakini mzizi wake ni neno la Kiitalia quaranta, yaani arobaini. Tauni kubwa ya karne ya 14 iliingia Ulaya kwa njia ya bahari; meli zilizotia nanga Messina, Sicilia, mwezi Oktoba 1347 zilikuwa miongoni mwa zile zilizoileta. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1377, mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba wageni na meli kutoka sehemu zenye tauni wakae mahali palipotengwa kwa siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye siku hizo ziliongezwa zikawa 40, na jina likapatikana. Mji wa Venezia ukafungua hospitali ya wagonjwa wa tauni katika kisiwa kimojawapo mwaka 1423, na baadaye ukatenga kisiwa kingine kwa ajili ya meli na bidhaa zilizotiliwa shaka.

Mwanafunzi wa Kiswahili halioni neno arobaini kuwa geni hapa. Katika utamaduni wa pwani, mzazi hukaa ndani siku arobaini baada ya kujifungua. Wafiwa husoma arobaini ya marehemu. Hata mwizi ana siku zake arobaini. Hata hivyo ipo tofauti ambayo tungependa walimu wenzetu waizingatie. Mzazi aliye katika arobaini hutengwa kwa faida yake mwenyewe na ya mtoto wake: hupikiwa, hukandwa, hupumzishwa. Meli iliyowekwa arobaini ilitengwa kwa faida ya watu waliokuwa nchi kavu. Waliokuwa ndani ya meli walisubiri tu. Aliyeugua aliugua, aliyekufa alikufa, na ambaye siku zilikwisha akiwa mzima aliruhusiwa kushuka. Tofauti hii ndiyo kiini cha makala haya.

Faida ya kuzuia na hasara ya kuruhusu

Hatusemi kwamba watu wa bandarini walikosea kujilinda. Historia ina mifano mingi ya maafa yaliyotokea pale meli ilipoachwa ipite. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa meli ya Talune, iliyotoka Auckland, New Zealand, na kufika Apia, Samoa ya Magharibi, tarehe 7 Novemba 1918 ikiwa na wagonjwa wa mafua makali ya mwaka ule. Abiria waliruhusiwa kushuka. Katika muda wa miezi michache zaidi ya moja ya tano ya wakazi wa Samoa ya Magharibi walikufa. Jirani zao wa Samoa ya Marekani, ambako Gavana John Poyer alizuia meli kwa ukali, hawakupoteza mtu kwa ugonjwa huo. Mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba radhi watu wa Samoa kwa makosa ya utawala wa nchi yake, likiwemo hilo.

Afrika Mashariki pia ilipata sehemu yake. Mafua hayo ya 1918 yaliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa, kisha yakafuata reli kuelekea bara. Zanzibar ilikuwa imekwisha kuonja maafa ya namna hiyo katika kipindupindu cha 1869 na 1870, ambacho daktari James Christie alikieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1876. Na watalii wanaokwenda leo kisiwa cha Changuu, karibu na Mji Mkongwe, kuwaona kobe wakubwa, huonyeshwa jengo lililojengwa katika miaka ya 1890 kwa nia ya kuwa jela lakini kisiwa kikaja kutumika kama kituo cha karantini cha wasafiri wa meli. Kwa hiyo karantini ya baharini si habari ya Ulaya peke yake.

Diamond Princess, Februari 2020

Sasa tuje kwenye karne yetu. Kabla ya Korona, safari za starehe baharini zilikuwa biashara kubwa. Mwaka 2019 karibu watu milioni 30 duniani walisafiri kwa meli za namna hiyo. Diamond Princess ilikuwa mojawapo. Iliundwa Nagasaki, ikaanza kazi mwaka 2004, na ilipeperusha bendera ya Uingereza ingawa wenye kampuni ni Wamarekani.

Meli hiyo iling'oa nanga Yokohama tarehe 20 Januari 2020. Abiria mmoja mzee alishuka Hong Kong tarehe 25 Januari, na tarehe 1 Februari ikathibitika kwamba ana virusi vya korona. Wakati huo wenzake walikuwa bado wanakula pamoja, wanatazama maonyesho na kucheza dansi. Meli ilirudi Yokohama tarehe 3 Februari ikiwa na watu 3,711: abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Tarehe 5 Februari, baada ya watu kumi wa kwanza kupatikana na virusi, abiria waliamriwa kubaki vyumbani mwao kwa siku 14. Wengi wao walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Waliopangiwa vyumba vya ndani, visivyo na dirisha, walitolewa kwa zamu kwenda sitahani kupunga upepo kwa muda mfupi.

Kila siku idadi iliongezeka. Katikati ya mwezi huo, zaidi ya nusu ya wagonjwa wote waliothibitishwa nje ya China walikuwa watu wa meli hii moja. Mwisho wa hesabu walioambukizwa walikuwa 712, takriban mtu mmoja kati ya kila watano, na zaidi ya kumi walifariki. Karibu nusu ya waliopatikana na virusi hawakuwa na dalili yoyote siku walipopimwa. Jambo hilo, lililoonekana wazi katika meli hii, lilikuwa somo kubwa kwa dunia: mtu mzima wa kutazama aliweza kuwa mwambukizaji. Karantini ya zamani ilitegemea macho. Mgonjwa alionekana kwa homa yake au uvimbe wake. Hapa macho hayakutosha.

Mwenye kuwatengea wengine chakula

Lakini yupo mtu mwingine katika meli ambaye magazeti yalimtaja kwa uchache. Abiria walipofungiwa vyumbani, nani aliwapelekea chakula? Nani aliosha vyombo, akabadilisha mashuka, akachukua taka? Ni wale wafanyakazi 1,045, ambao zaidi ya 500 kati yao walitoka Ufilipino, na wengine India, Indonesia na nchi nyingine nyingi. Hao hawakuwekwa karantini kwa maana halisi. Walilala wawili wawili au zaidi katika chumba, walikula pamoja, na waliendelea na kazi.

Uchunguzi wa awali uliofanywa na wataalamu wa Japani ulionyesha kwamba kati ya wafanyakazi 20 wa kwanza kuthibitishwa kuugua, 15 walikuwa wa idara ya chakula, na wengi wao waliishi katika sitaha moja. Kwa maneno mengine, mikono ile ile iliyowezesha karantini ya abiria ilikuwa nje ya karantini hiyo. Tarehe 18 Februari Profesa Kentaro Iwata wa Chuo Kikuu cha Kobe, mtaalamu wa magonjwa ya kuambukiza aliyeingia melini kwa siku moja, alitoa malalamiko yake hadharani kwamba sehemu salama na zisizo salama hazikutenganishwa sawasawa. Serikali ya Japani ilijitetea kwamba ilifanya lililowezekana kwa meli yenye watu wengi kiasi hicho. Wafanyakazi ndio waliokaa hadi mwisho. Nahodha Gennaro Arma, Mwitalia, alishuka wa mwisho tarehe 1 Machi.

Hapa swali letu linapata uzito. Karantini ya Yokohama iliwalinda watu wa bandarini kwanza. Abiria iliwalinda nusu nusu. Mhudumu haikumlinda.

Meli zisizo na bandari

Meli nyingine zilipata mkosi wa aina tofauti. Westerdam, iliyoondoka Hong Kong tarehe 1 Februari, ilikataliwa na nchi na visiwa kadhaa hadi Kambodia ilipoipokea tarehe 13 Februari. Zaandam iliondoka Buenos Aires tarehe 7 Machi, ikafungiwa bandari za Amerika Kusini, na ilipofika Florida tarehe 2 Aprili watu wanne walikuwa wamekwisha kufa ndani yake. Kwa upande mwingine, Ruby Princess iliruhusiwa kushusha abiria wapatao 2,650 Sydney tarehe 19 Machi bila kusubiri majibu ya vipimo. Vifo 28 vilihusishwa na safari hiyo. Bandari ikikaza sana, watu hufia baharini. Ikilegeza, ugonjwa hupanda teksi na treni kwenda majumbani.

Kutoka bandarini hadi mpakani

Wasomaji wetu wa Uganda hawahitaji kwenda Yokohama ili kuyaelewa haya. Mwezi Aprili na Mei 2020, wakati sisi tumefungiwa majumbani, madereva wa malori ndio waliotuletea mafuta, dawa na bidhaa kutoka Mombasa na Dar es Salaam. Pale Malaba malori yalipanga foleni ya kilometa nyingi, madereva wakisubiri majibu ya vipimo kwa siku kadhaa, wakilala garini. Wengi wa waliothibitishwa kuwa na virusi nchini siku hizo walikuwa madereva, na katika vijiji vya njiani dereva alitazamwa kama ugonjwa unaotembea. Kama wale wahudumu wa melini, dereva alikuwa nje ya karantini ili sisi tuweze kukaa ndani yake.

Lipo pia jambo la hesabu. Japani haikuwajumlisha wagonjwa wa Diamond Princess katika idadi ya wagonjwa wake. Waliandikwa katika safu ya peke yao. Mwezi Mei 2020 Uganda nayo iliamua kuwaondoa madereva wa kigeni katika idadi ya wagonjwa wake. Serikali zote mbili zilikuwa na sababu zao za kitakwimu. Ila mwanafunzi wa lugha atambue kwamba safu ya jedwali nayo ni matini: inasema nani ni wetu na nani si wetu.

Je, hatari bado ipo?

Marekani ilisimamisha safari hizi katika bandari zake kuanzia tarehe 14 Machi 2020, zikarejea mwezi Juni 2021 kwa masharti ya chanjo na vipimo. Hata baada ya chanjo, wimbi la Omikroni lilipopanda, wakuu wa afya wa nchi hiyo waliwashauri raia tarehe 30 Desemba 2021 waepuke meli za kitalii, waliochanjwa na wasiochanjwa. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si dharura ya kimataifa tena, na leo meli zimejaa. Virusi havijatoweka. Maumbile ya meli nayo hayajabadilika: maelfu ya watu, wengi wao wazee, hukaa pamoja kwa siku nyingi, hula ukumbi mmoja, huvuta hewa moja, hushuka katika bandari kadhaa, na zahanati ya melini ni ndogo. Chanjo imepunguza sana uwezekano wa kufa. Uwezekano wa kuambukizwa ungalipo.

Hitimisho

Tumeona kwamba karantini ilianza kama kinga ya mji dhidi ya meli, na kwamba kwa zaidi ya miaka 600 imebeba maana hiyo. Inaokoa watu wengi. Samoa ni ushahidi. Lakini haikuundwa kwa ajili ya aliyefungiwa, wala kwa ajili ya anayemhudumia aliyefungiwa. Arobaini ya mzazi wa pwani inatuonyesha kwamba kutenga na kutunza vinaweza kwenda pamoja, mradi yupo anayepika na mpishi huyo naye anaangaliwa.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi moja. Wanafunzi wakusanye maneno ambayo jamii zao zilitumia mwaka 2020 kumwita mgonjwa, dereva, muuguzi na mtu aliyetengwa, kwa Kiswahili na kwa lugha zao za mama. Kisha wajadili ni maneno gani yalitunza, na ni yapi yalifukuza. Kazi hiyo ifanywe mapema, maana wanafunzi wanaoingia mwaka wa kwanza sasa walikuwa bado watoto wakati ule, na msamiati wa siku zile umeanza kusahaulika.