Yaya, Dada, Mlezi: Ulezi wa Malipo Chini ya Mlima Meru

Ulezi wa malipo, yaani kazi ya kumtunza mtoto mdogo wa mtu mwingine kwa ujira wa fedha, ni kazi changa katika nchi inayouzunguka Mlima Meru, ijapokuwa desturi ya watu wengi kumlea mtoto mmoja ni ya tangu wakulima wa kwanza walipofyeka misitu ya mlima huo na kupanda migomba. Kwa macho, kazi hizo mbili hazitofautiani, kwa kuwa mtoto hubebwa, huogeshwa, hulishwa na kubembelezwa vilevile, awe mikononi mwa shangazi au mwa mtu aliyeajiriwa. Tofauti imo katika deni: ndugu anayelea hulipwa kwa undugu, yaani kwa haki ya kusaidiwa yeye na watoto wake siku zitakapogeuka, ilhali mwajiriwa hulipwa mwisho wa mwezi, na akishalipwa hana anachodai wala anachodaiwa. Katika Arusha aina hizi mbili za deni zilichanganywa kwa muda mrefu, na mara nyingi mchanganyiko huo ulimfaa mwajiri, aliyepata kazi ya mwajiriwa kwa bei ya ndugu.

Wenyeji wa mlima huu ni Wameru, wakulima wa migomba ambao lugha yao ina udugu na Kichaga na ambao makazi yao yako hasa upande wa kusini-mashariki, pamoja na Waarusha, wasemao Kimaasai lakini walioshika jembe na kukaa upande wa kusini na magharibi. Kwa Wameru, kama kwa jirani zao Wachaga, mama aliyejifungua alikaa ndani kwa miezi kama mitatu, kipindi kinachoitwa uzazi, akilishwa mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, na akihudumiwa na mama mkwe na mawifi. Alipotoka, mtoto alikabidhiwa msichana wa miaka sita hadi kumi, ambaye alimbeba mgongoni wakati mama yuko shambani, kwenye kuni au sokoni, na huyu ndiye aliyekuwa mlezi kwa maana ya zamani ya neno hilo. Nyumba isiyo na binti wa umri huo iliazima kwa jamaa, na kuazima ndilo neno linalofaa, kwa kuwa binti alitarajiwa kurudi kwao akiwa ameshiba na amevishwa, na kwa kuwa nyumba iliyomtoa nayo ilikuwa na haki ya kuazima siku nyingine. Mshahara haukuwapo kwa sababu mgeni hakuwapo.

Mgeni aliingia na boma la Wajerumani, ngome ya mawe iliyojengwa Arusha mwaka 1899 na 1900, ambayo leo ni makumbusho. Baada ya ngome ikaja misheni ya Kilutheri ya Leipzig, iliyoweka kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, kisha wakaja walowezi, yaani wageni waliopewa ardhi ili wakae na kulima: Makaburu kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1904, halafu Wajerumani, Wagiriki na, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza. Mashamba yao yaliuzunguka mlima kama mshipi, yakiwazuia Wameru na Waarusha kushuka kwenye malisho ya tambarare. Ingetazamiwa kwamba watu waliobanwa hivyo wangekimbilia kazi za ujira katika nyumba za walowezi, lakini mwanahistoria Thomas Spear, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu wakulima wa mlima huu, anaonyesha kwamba wenyeji walifanya kinyume chake. Walibana migomba, wakaongeza mahindi, wakapanda kahawa yao wenyewe, na kwa miongo mingi wakakwepa kazi ya mzungu kadiri walivyoweza. Ukaidi huo ulikuwa na nguvu za kutosha kufika mbali, kwani Wameru takriban 3,000 walipofukuzwa Ngarenanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, Mmeru mwenzao Kirilo Japhet alipeleka shauri lao Umoja wa Mataifa mwaka 1952.

Kwa historia ya ulezi, ukaidi huo una maana moja kubwa, nayo ni kwamba kazi za nyumbani za Arusha, kama zile za mashambani, ziliangukia watu waliotoka mbali, kutoka Singida, Iramba, Kondoa na Mbulu. Mlezi wa kulipwa alianza akiwa mtu asiye na jamaa mjini, na hali hiyo haikubadilika sana katika miaka mia moja iliyofuata.

Maneno mawili ya enzi hiyo yanastahili kuelezwa. La kwanza ni boi, lililotoholewa kutoka neno la Kiingereza la kumwita mtoto wa kiume, ambalo walowezi walimpachika mtumishi mwanamume hata akiwa na mvi, na la pili ni yaya, ambalo huhusishwa na neno la Kihindi la mlezi wa kike, lililotokana nalo na neno la Kireno na kusambaa pande zote za Bahari ya Hindi pamoja na watumishi wa nyumba za wakoloni. Katika Tanganyika boi alimtangulia yaya kwa idadi na kwa umuhimu, kwa kuwa wanaume ndio waliotoka makwao kutafuta fedha za kodi, na wazee wa vijijini hawakupenda kuwaachia mabinti waende kulala chini ya paa la mgeni. Kwa hiyo watoto wengi wa walowezi waliangaliwa na wanaume na vijana wa kiume waliokuwa wakipika na kufua pia. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 ilimfunga mtumishi kwa mkataba, na kuuvunja kwa kutoroka kukawa kosa la jinai, lakini haikutambua kwamba kumlea mtoto ni ujuzi tofauti na kubeba maji. Watumishi wenyewe hawakuutambua zaidi, kwani chama chao kilichoundwa Dar es Salaam katika miaka ya 1940 kilijiita chama cha Waafrika wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani, na mlezi hakutajwa katika jina hilo refu. Mtoto wa mlowezi akifikia umri wa kusoma alipelekwa bwenini Arusha School, iliyofunguliwa mwaka 1934 kwa ajili ya watoto wa Kizungu, na habari ya boi aliyemtembeza bustanini ikaishia hapo.

Mfano wa kwanza wa ulezi kuwa kazi ya taasisi katika eneo hili haukutoka kwa walowezi bali kwa wakimbizi. Mwaka 1942 Waingereza walianza kuleta Tengeru, mashariki mwa mji wa Arusha, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia, kisha wakatoka huko kwa kupitia Uajemi. Walifikia kama 5,000, wengi wakiwa wanawake na watoto, na kambi yao ikawa kubwa kuliko kambi nyingine za Wapolandi barani Afrika. Kwa kuwa baba wengi walikuwa vitani na wazazi wengi walikwisha kufa njiani, kambi ililazimika kuwa na makao ya yatima, ambamo wanawake wa Kipolandi walilea watoto wasiokuwa wao kwa zamu na kwa ratiba, sambamba na shule, kanisa na hospitali. Mwaka 1949 zaidi ya watoto 100 wa makao hayo walisafirishwa kupitia Italia hadi Kanada, na kambi ilifungwa miaka michache baadaye. Inashangaza kwamba kambi hiyo, iliyokuwa hatua chache kutoka migomba ya Wameru, haikuacha nyuma desturi yoyote ya ulezi. Kilichobaki ni makaburi.

Mageuzi makubwa yalikuja baada ya Uhuru, nayo yalikuwa ya aina mbili kwa wakati mmoja: mwajiri akawa Mwafrika na mlezi akawa mwanamke. Janet Bujra, mwanasosholojia aliyechunguza watumishi wa nyumbani wa Lushoto na Dar es Salaam, ameeleza jinsi kazi iliyokuwa ya wanaume ilivyogeuka kuwa ya wasichana, na Arusha ilipita njia hiyohiyo kwa kasi yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili au zaidi na kumiliki nyumba ya kupangisha, lakini katika masharti yake yote halikugusa mtumishi wa nyumbani. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka makao yake makuu mjini, viwanda vya nguo na matairi vikafuata, na wake wa watumishi wa serikali wakawa wenyewe makarani, wauguzi na walimu. Mama huyo wa mjini alikuwa na kazi ya saa nane mbali na nyumbani, na mama mkwe wake alikuwa Machame, Akeri au Monduli.

Hapo ndipo lilipotokea neno dada. Dada wa kazi, yaani msichana anayeishi kwa mwajiri akilea watoto na kufanya kazi nyingine zote za nyumba, aliletwa kwa njia ileile ya kuazima mlezi: mama aliandika barua kijijini, shangazi akatafuta, binti wa darasa la saba aliyekosa nafasi ya sekondari akapanda basi. Alimwita mwajiri mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, na mwajiri akawaambia majirani kwamba huyu ni kama mwanawe. Kauli hiyo aghalabu haikuwa ya uongo, kwa kuwa wako mabinti waliosomeshwa ushonaji, waliofungiwa mizigo ya harusi na waliozikwa kwa heshima ya ndugu. Lakini ndiyo iliyofanya mshahara uitwe posho, utumwe kwa wazazi badala ya kupewa mfanyakazi, au usubiri hadi binti atakapoondoka. Ndiyo pia iliyofanya siku ya mapumziko ionekane utovu wa adabu, kwani mtoto wa nyumba haombi likizo. Kejeli ya mitaani ilikuwa na ukweli zaidi ilipomwita beki tatu, mchezaji wa nyuma ambaye hakuna anayemshangilia.

Serikali ilijaribu njia nyingine, ya vituo vya mchana. Umoja wa Wanawake, UWT, ulioundwa mwaka 1962, ulihimiza vituo vya kulelea watoto mijini na vijijini. Sheria mahususi ya vituo hivyo ilitungwa mwaka 1981. Walezi wake wamekuwa wakifundishwa katika chuo cha Kisangara, wilayani Mwanga. Na masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema, Moshi, wakafundisha walimu kwa mbinu za Montessori. Karibu na hospitali ya Nkoaranga yapo makao yanayopokea watoto wachanga, hasa waliofiwa na mama. Hata hivyo kilichokua zaidi ni darasa la vidudu, kama lilivyoitwa zamani, au elimu ya awali, iliyotambuliwa na sera ya mwaka 1995 na kufanywa ya lazima kwa mwaka mmoja na sera ya mwaka 2014. Elimu hiyo humchukua mtoto akiwa na miaka mitano hivi, baada ya dada kumaliza sehemu ngumu ya kazi.

Miaka ya 1990 iliongeza pengo kati ya nyumba na nyumba. Mashamba ya maua ya Usa River na Tengeru yaliajiri mamia ya wanawake wenye watoto wachanga, ambao waliwaacha kwa jirani mzee kwa pesa kidogo ya kila siku. Wakati huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha kuanzia mwaka 1995 hadi 2015, ilileta majaji, mawakili na wakalimani wa mataifa mengi, ambao waliajiri yaya kwa mkataba na kwa mshahara wa kupangiwa. Binti mmoja wa Singida angeweza kulea mtoto wa mchuma maua mwaka huu na mtoto wa wakili mwaka unaofuata, kazi ikiwa ileile.

Sheria za karne hii zimeanza kumtazama mlezi, ijapokuwa kwa jicho la pembeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, ambazo zinakaribiana na miezi mitatu ya mtori ya Wameru; ila mama wa zamani alitoka ndani akakuta nyumba imejaa mabinti na bibi, na mama wa leo siku ya 85 hukabidhi mtoto kwa mtu aliyemfahamu wiki moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri, muda ambao mtoto mchanga hulia, naye mara nyingi hulala kitanda kimoja na dada.

Kuhusu ujira, amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, ilikifikisha kiwango hicho shilingi 60,000, na kuweka 120,000 kwa asiyelala hapo, 200,000 kwa mtumishi wa ofisa mwenye stahili ya kuwa na mtumishi, na 250,000 kwa mtumishi wa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa. Madaraja yote manne ya amri hiyo yalipimwa kwa cheo cha mwajiri na mahali anapolala mfanyakazi. Umri wa mtoto, idadi ya watoto na mafunzo ya mlezi havikuwamo katika hesabu hiyo.