Wacheni Kunitumia Ile Picha ya Lincoln

Tangu niache chuo, nimetumiwa picha ya Abraham Lincoln mara nyingi kuliko salamu. Mnaijua. Mzee wa ndevu, na chini yake orodha: duka likafilisika, uchaguzi akaanguka, mwishowe rais wa Marekani. Halafu ujumbe: usikate tamaa, bro.

Asanteni. Lakini nimeisoma hiyo stori vizuri sasa, na kuna vitu viwili vikubwa ambavyo picha imeviruka.

Twende 1832. Lincoln ana miaka 23, anaishi New Salem, kijiji kidogo kando ya mto Sangamon, jimbo la Illinois. Shule yote aliyosoma maishani, ukiijumlisha, haifiki mwaka mmoja. Anaamua kugombea ubunge wa jimbo. Ahadi yake kubwa? Mto usafishwe mashua zipite. Siyo utumwa, siyo mustakabali wa taifa. Mto.

Wagombea walikuwa 13, viti 4. Akawa namba 8. Lakini kwa kituo chake cha New Salem, kati ya kura 300 alipata 277. Na kumbuka hakukuwa na kura ya siri. Unasimama mbele ya karani, unataja jina la mtu wako kwa sauti, kijiji chote kinasikia. Tena waliopiga kura ni wanaume weupe tu. Wanawake na watu weusi hawakuhesabiwa.

Sasa hapa ndipo picha inaruka kitu cha kwanza: majirani.

Duka alilofungua na mwenzake William Berry lilikufa. Berry naye akafa 1835, na Lincoln akabaki na deni la kama dola 1,100. Kabla ya hapo, 1833, alipewa kazi ya posta ya kijiji, na serikali ya rais ambaye hata hakumuunga mkono. John Calhoun, mtu wa upande ule mwingine wa siasa, akamchukua awe msaidizi wake wa kupima mashamba. Wadai walipoenda kortini, farasi wake na vifaa vya kupimia viligongwa mnada. Jirani mmoja, James Short, akavinunua kwa dola 120. Akamrudishia. Basi tu, akamrudishia.

Mwaka 1834 akagombea tena na akapita. Shida ikawa nguo. Akakopa dola 200 kwa jirani mwingine, Coleman Smoot, na kama 60 zikaenda kwa suti. Yaani mheshimiwa aliingia bunge la Vandalia na suti ya deni.

Kwa hivyo mtu akikuambia huyu jamaa alijiinua mwenyewe, muulize James Short ni nani.

Kitu cha pili hakifurahishi, na ndicho kilinifanya niandike.

Mwaka 1837, bunge hilo lilipitisha mpango wa reli, mito na barabara wa kama dola milioni 10, karibu zote za kukopa. Illinois ilikuwa na watu wasiofika laki 5. Kaunti ambazo reli haikupitia ziligawiwa dola 200,000 ili nazo zinyamaze. Lincoln na wenzake 8 wa kaunti yake, waliojulikana kama Long Nine kwa urefu wao, waliunga mkono. Kipindi hichohicho walifaulu kuhamisha makao makuu ya jimbo kwenda Springfield, kwao. Wapinzani wakasema ni biashara: nipe makao makuu, nikupe reli.

Miezi michache baadaye uchumi wa Marekani ukaanguka. Lincoln akaendelea kuutetea mpango. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1840, jimbo lilishindwa kulipa hata riba. Kipande cha reli kilichojengwa kiliuzwa 1847 kwa bei ya kutupa.

Deni lake la duka Lincoln alilipa mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka mingi. Alikuwa analitania akiliita deni la taifa. Lakini lile la Illinois lililipwa na wakulima ambao hawakuwahi kupanda hiyo reli. Mtu mmoja, madeni mawili. Moja limemjengea jina la uaminifu. Hilo lingine halimo kwa picha.

Sisemi alikuwa mbaya. Nasema alikuwa mwanasiasa wa mtaani: mwaminifu na pesa ya jirani, mzembe na pesa ya watu asiowaona. Hao bado wako wengi.

Kwa hivyo ukitaka kunipa moyo, wacha picha. Nipigie simu uulize kama nimekula. James Short hakutuma maneno matamu. Alienda mnadani.