Saa ya Kahe na Tarehe Inayorudi Nyuma

Makutano ya reli ya Kahe, chini ya Kilimanjaro, ni zao la vita. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Waingereza, waliopigana nao hapo Kahe Machi 1916, wakavuta njia yao kutoka Voi kupitia Taveta mpaka ikaungana na ile ya Tanga. Sasa treni ikawa inavuka mpaka wa nchi mbili, na kila nchi ilipangiwa saa zake kwa amri. Jua la Kahe limetangulia la Greenwich kwa takriban saa mbili na nusu, lakini amri hazikulifuata kila wakati. Jedwali la kanda za saa linalotumiwa na kompyuta duniani kote limeandika, katika matoleo yake ya zamani, kwamba Tanganyika ilishika saa tatu mbele ya Greenwich mwaka 1931, ikashuka hadi saa mbili na dakika 45 mwaka 1948, kisha ikarudi saa tatu mwaka 1961. Kenya imebaki kwenye saa tatu tangu 1942.

Baadaye watunza jedwali waliifanya Dar es Salaam ifuate mstari wa Nairobi, kwa kuwa tangu 1970 miji hiyo haijatofautiana, na yaliyotangulia mwaka huo hawayadhamini. Hapo ndipo draiva, ile programu inayobeba data kati ya hifadhidata na programu nyingine, inapoingia matatani. Draiva nyingi za zamani zilichukua tarehe tupu ya kuzaliwa, zikaigeuza kuwa usiku wa manane wa mahali fulani, kisha zikaihifadhi kama hesabu ya muda kutoka 1 Januari 1970 saa za Greenwich. Chukua aliyezaliwa Moshi tarehe 1 Januari 1950, tarehe ambayo wazee wengi wameandikiwa kwa sababu siku halisi haikujulikana. Mashine yenye jedwali jipya itaihifadhi kama saa tatu usiku, Greenwich, mkesha wa mwaka mpya. Mashine yenye jedwali la zamani ikiisoma itaongeza saa mbili na dakika 45 tu, na mzee atakuwa amezaliwa 31 Desemba 1949. Robo saa imekula mwaka mzima kwenye karatasi.

Atakayesema kwamba jedwali la zamani lenyewe si la kuaminika ana hoja: sehemu kubwa ya miaka hiyo ilitoka kwenye atlasi ya Thomas Shanks, iliyotungwa kwa ajili ya wanajimu. Lakini udhaifu huo unazidi kuonyesha kwamba cheti cha mtu hakipaswi kutegemea kumbukumbu tusiyoweza kuithibitisha. Wengine hushauri kila kitu kihifadhiwe kwa saa za Greenwich. Kwa treni iliyoondoka Kahe au malipo yaliyopita benki, ushauri huo ni mzuri, kwa sababu hayo yalitokea kwa dakika moja inayojulikana. Kuzaliwa kulikoandikwa na karani wa wilaya kuna siku tu. Hakuna dakika ya kugeuza, na kuibuni ni kuongeza neno ambalo karani hakuliandika. Lugha ya programu ya Java ilipotoa aina ya tarehe isiyo na saa wala kanda mwaka 2014, draiva zikapata njia ya kuipeleka tarehe kama ilivyo: mwaka, mwezi, siku. Mifumo ya zamani inayoshikilia mafaili ya pensheni na ardhi ndiyo inayostahili kukaguliwa kwanza, kwa sababu humo ndimo walimo waliozaliwa kabla ya 1961.