Munkoyo wa mama zetu, huku na kule

Wengi wetu tuliingia Nchelenge mwaka 2017 tukitokea upande wa Pweto, mikono mitupu. Mantapala ilifunguliwa 2018. Mama zetu walipowakuta wenyeji wanakunywa munkoyo walicheka: kumbe ni ule ule wa Katanga!

Kuanza si kazi ngumu. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe kidogo, halafu unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi inageuza wanga kuwa sukari, uji unakuwa mwepesi na mtamu. Kesho yake hata watoto wanakunywa. Ukiulaza siku zaidi unakuwa mkali, hapo si wa watoto tena. (Kachasu ni habari nyingine, tuiache.)

Zamani pombe ya nyumbani ilimtia mama matatani. Enzi za Rhodesia ya Kaskazini, kwenye miji ya migodi ya Copperbelt, pombe iliuzwa kwenye kumbi za halmashauri. Mwanamke aliyepika kwake alikamatwa, pombe ikamwagwa. Wakaendelea tu, maana hela ya nyumba ilitoka humo.

Sisi wenyewe tuliwahi kuona aibu ndoo za mama zikikaa mlangoni. Daftari zetu za shule zilinunuliwa na ndoo zile.